Namna ya Kuweka Kucha za Akriliki Bila Kuiumiza Kucha ya Asili

Mteja anayerudi saluni siku ya nne akiwa na kucha mbili zilizobanduka huilalamikia gundi, na fundi naye huilaumu poda aliyouziwa. Mara nyingi wote wawili hukosea. Kucha ya akriliki inayobanduka mapema huwa imekwisha kuharibika kabla kopo la poda halijafunguliwa, kwa sababu kucha ya asili iliachwa na mafuta, au na unyevu, au na utando wa ngozi iliyokufa ambao fundi hakuuona. Kwa hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya fundi anayeanza na pia kwa mteja anayetaka kuelewa anachofanyiwa, utakaa muda mrefu kwenye maandalizi na utapita upesi kwenye rangi na mapambo, ambayo kila mtu hujifunza kwa hamu yake mwenyewe.

Ninachoeleza hapa ni kucha za akriliki zinazojengwa juu ya tipsi, yaani vile vipande vya plastiki vinavyorefusha kucha. Zipo njia nyingine, kama kucha nzima za kubandika kwa gundi, ambazo wengi huzivaa kwa siku chache za sherehe, na jeli, ambayo hukauka chini ya taa. Akriliki ndiyo inayodai mkono uliozoea kuliko zote, na anayeiweza hatapata taabu kubwa kujifunza hizo nyingine.

Kucha yenyewe, na kile kinachowekwa juu yake

Kucha ni tabaka nyingi nyembamba za keratini, protini ileile inayounda nywele. Bamba lake gumu halina uhai, lakini chini ya bamba hilo kuna kitanda cha kucha chenye damu na mishipa ya fahamu, na nyuma yake, ndani ya ngozi, umo mzizi ambao kucha huzaliwa humo. Ile alama nyeupe ya mwezi mchanga inayoonekana vizuri kwenye kidole gumba ni sehemu ya mbele ya mzizi huo. Kucha ya mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi, hivyo kucha iliyokwanguliwa vibaya leo huhitaji karibu miezi 6 kuondoka yote na kuipisha mpya. Hakuna mafuta yatakayoirudishia unene iliopoteza. Itabidi isubiriwe mpaka ikue. Fundi anayelishika jambo hili moja moyoni hufanya kazi kwa mkono mwepesi bila kuambiwa.

Akriliki, kwa upande wake, hutokana na vitu viwili. Cha kwanza ni poda, ambayo ni plastiki iliyosagwa na kuchanganywa na kiasi kidogo cha kichochezi kiitwacho benzoili peroksaidi. Cha pili ni maji ya akriliki, ambayo mafundi wengi huyaita monoma. Vikikutana, molekuli za monoma hushikana katika minyororo mirefu kuzizunguka chembe za poda, na kile kitonge laini hugeuka kuwa plastiki ngumu pasipo kuhitaji taa. Kemia hii ilitoka kwa matabibu wa meno. Jaribio linalotajwa sana kuwa chanzo cha kucha hizi ni la mwaka 1954, pale daktari wa meno wa Marekani, Frederick Slack, alipovunjika kucha akaijenga upya kwa akriliki ya kazini kwake, huku akitumia karatasi ya alumini kuwa kalibu.

Monoma hazifanani, na hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa macho. Ile inayokubalika kwa kazi ya kucha ni ethili methakrileti, ambayo kwenye lebo hufupishwa EMA. Nyingine ni methili methakrileti, au MMA, ambayo ni ya bei ya chini na ina kazi zake halali katika tiba, ikiwemo saruji ya kushikilia viungo vya bandia kwenye mifupa, lakini haifai kuwekwa kwenye kucha katika hali yake ya majimaji. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kuchukua hatua dhidi yake tangu miaka ya 1970 baada ya malalamiko ya kucha zilizoharibika na ngozi zilizodhurika. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hushika mno na kuwa ngumu mno: mwenye kucha akijigonga mlangoni, akriliki haivunjiki, bali huing'oa kucha ya asili kutoka kitandani mwake. Utaitambua kwa harufu kali inayochoma kuliko kawaida, kwa ugumu wake wakati wa kuisugua kwa tupa, na kwa jinsi inavyogoma kulainika hata ikilowekwa kwenye asetoni kwa muda mrefu. Ukienda Kariakoo au kwenye maduka ya River Road jijini Nairobi, soma lebo kabla ya kuuliza bei, na chupa isiyotaja kilichomo ndani yake uiache dukani hata kama ni ya bei poa.

Maswali ya kumwuliza mteja

Kabla ya kugusa chombo chochote, itazame mikono ya mteja kwenye mwanga mzuri na umwulize maswali machache kwa heshima. Je, amewahi kuwashwa au kuvimba vidole baada ya kuwekewa kucha? Kama ndiyo, usimwekee. Mzio wa kemikali za methakrileti ukishampata mtu kwa kawaida haumwachi tena, na unaweza kumsumbua hata siku atakapohitaji kuzibiwa jino, kwa kuwa vifaa vya meno vina kemikali za jamii hiyohiyo. Je, ana kucha iliyobadilika rangi, iliyokuwa nene au iliyoachana na kitanda chake? Hiyo ni ya kupelekwa hospitali kwanza, wala si ya kufunikwa. Mwenye kisukari naye ashughulikiwe kwa uangalifu wa ziada, kwa sababu kidonda kidogo cha pembeni mwa kucha kinaweza kuchelewa kupona.

Mwulize pia kuhusu kazi yake. Muuguzi, mkunga au daktari anayegusa wagonjwa hapaswi kuvaa kucha za bandia kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unasema hivyo waziwazi, kwa kuwa vijidudu hujificha chini ya kucha hizo hata baada ya kunawa. Na kwa wateja Waislamu, ambao kwa saluni za Pwani ni wengi, ni adabu njema kukumbusha kwamba akriliki huzuia maji ya udhu yasiifikie kucha. Wengi wanalijua hilo na wanaweka kucha katika siku ambazo hawaswali, kisha huzitoa, au huchagua hina. Ukiuliza mapema utamwepusha mtu na gharama ya kuwekewa leo na kutolewa kesho.

Mahali pa kazi pawe na hewa inayopita. Feni inayopuliza moja kwa moja mezani haifai, kwa sababu hutawanya vumbi na kuikausha akriliki kabla ya wakati. Dirisha lililo wazi nyuma ya fundi linasaidia zaidi. Vaa barakoa wakati wa kusugua na glavu za nitraili wakati wote wa kushika monoma na jeli. Asetoni na monoma hushika moto upesi, hivyo pasiwe na mshumaa, jiko wala sigara karibu. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba gundi ya kucha ikimwagikia kitambaa cha pamba, kama kanga aliyojifunga mteja mapajani, hupata joto kali ghafla na inaweza kumwunguza. Mtandikie taulo la karatasi.

Maandalizi ya kucha

Mteja na fundi wote wanawe mikono kwa sabuni na kuifuta ikauke kabisa. Usiviloweke vidole vyake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ingawa ndiyo desturi kwa anayekuja kusafishwa kucha tu. Kucha hunywa maji na kutanuka. Ukiweka akriliki juu ya kucha iliyotanuka, itakapokauka na kurudi katika umbo lake itaanza kuachana na kile kilichobandikwa juu yake, na ufa huo usioonekana ndio mlango wa maji na uchafu.

Futa rangi ya zamani kwa asetoni. Kisha chukua kijiti au chombo butu cha kusukumia na urudishe nyuma taratibu ngozi iliyo kwenye mzizi wa kucha. Hapo utakuta vitu viwili vinavyofanana kwa jicho lisilozoea. Kuna ukingo wa ngozi hai, ambao huziba nafasi kati ya kidole na kucha ili vijidudu visipenye, na huo haukatwi. Na kuna utando mwembamba, mweupe, uliokufa, ambao umejilaza juu ya bamba la kucha na hutoka kama magamba madogo ukikwanguliwa polepole. Utando huu ndio unaopaswa kuondolewa wote, pamoja na ule uliojificha kwenye kona mbili za pembeni. Akriliki iliyowekwa juu yake imeshika ngozi, haijashika kucha, na itainuka ndani ya siku chache. Mimi ningemshauri anayeanza atumie nusu ya muda wake wa mafunzo kwenye hatua hii peke yake.

Sasa ondoa mng'ao wa kucha kwa tupa laini ya namba 180, ukifuata upande ambao kucha inakua, pasipo kukandamiza. Lengo ni kuondoa mng'ao tu, ili akriliki ipate pa kushika. Kucha ikiwa haing'ai tena, umemaliza, na kila msuguo unaozidi hapo unaipunguza unene. Mashine ya kusagia haina kazi kwenye kucha ya asili mikononi mwa anayeanza. Ile mistari myekundu kama nusu pete inayoonekana kwenye vidole vya watu wengi baada ya kucha kutolewa ni makovu ya mashine iliyoshikwa kwa pembe mbaya. Mteja akisema anasikia moto, acha papo hapo, kwa maana maumivu si sehemu ya kazi hii.

Pangusa vumbi kwa brashi kavu na safi. Usilipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ina unyevu, na baada ya hapo usiiguse kucha kwa kidole, chako wala cha mteja. Paka dawa ya kukausha mafuta na uiache iyeyuke hewani.

Tipsi

Tipsi huuzwa katika makasha yenye vyumba vilivyopewa namba, kila namba na upana wake. Sahihi ni ile inayoanzia ukingo mmoja wa kucha hadi ukingo wa pili bila kupanda juu ya ngozi na bila kuacha nafasi. Ikiwa kucha iko kati ya namba mbili, chukua kubwa na uisugue pembeni mpaka ienee. Fundi mwenye haraka huchukua ndogo na kuikandamiza, nayo hubaki ikivuta kurudi katika umbo lake, humfanya mteja ahisi kubanwa usiku kucha, kisha hupasuka katikati. Panga tipsi zote kumi mezani kwa mpangilio wa vidole kabla ya kufungua gundi.

Weka gundi kidogo kwenye kile kidimbwi kilicho nyuma ya tipsi. Ishikilie kwa mshazari wa takribani nyuzi 45, egemeza ukingo wake kwenye ncha ya kucha ya asili, halafu uilaze polepole kuelekea nyuma ili hewa isukumwe nje, na uibane kwa sekunde 5 hadi 10. Kidimbwi hicho kisifunike zaidi ya nusu ya kucha, theluthi inatosha. Ukiona kiputo cha hewa, itoe na uanze upya. Kiputo kinachoachwa hukusanya maji, na kwenye maji yaliyonaswa ndimo bakteria aina ya Pseudomonas huzaliana na kuacha doa la kijani ambalo wengi hulidhani kuwa fangasi.

Kata tipsi kwa mkasi wake maalumu. Kwa mteja wa mara ya kwanza, sehemu inayotokeza nje isizidi urefu wa kitanda cha kucha, kwa sababu kucha ndefu ni kama wenzo: kadiri inavyorefuka ndivyo kipigo kidogo cha kwenye ncha kinavyoisulubu sehemu ya nyuma. Kisha sugua ile ngazi iliyopo mahali tipsi inapokutana na kucha mpaka ipotee, ukiwa mwangalifu kusugua plastiki peke yake. Pangusa tena, kausha tena, na ndipo upake praima, yaani maji ya kusaidia akriliki ishike, kwenye kucha ya asili tu. Praima ya asidi huunguza ngozi, kwa hiyo brashi ifutwe mpaka ibaki karibu kavu, na nukta moja katikati ya kucha itasambaa yenyewe. Hubadilika kuwa nyeupe kama chaki ikishakauka. Praima isiyo na asidi hubaki ikinata kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kujenga akriliki

Mimina monoma kidogo kwenye kikombe chake na ukifunike kila unapopumzika. Ichovye brashi, ifinye kwenye ukingo wa kikombe, kisha iguse poda kwa ncha na usubiri poda inywe maji hadi kitonge kijiunde. Kitonge kizuri ni cha mviringo, hakichuruziki, kina mng'ao wa lulu, na kikiwekwa kwenye kucha hutulia kidogo kabla ya kuanza kujilaza. Kikikimbilia pembeni mwa kucha, maji yamezidi. Na maji yakizidi, akriliki inakuwa dhaifu, hujaa viputo, na monoma isiyoshikana hugusa ngozi, jambo ambalo ndilo chanzo kikuu cha mzio. Kikiwa na punje kama sukari, poda imezidi na hakitashika. Hesabu hii haifundishiki kwa maneno pekee. Fanya vitonge mia juu ya kipande cha plastiki kabla ya kumgusa mtu.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa akriliki huganda upesi, hivyo chukua vitonge vidogo na ufanye kucha moja moja. Katika baridi ya Njombe au Limuru huchelewa, na mteja anaweza kuombwa ashike kikombe cha chai ya moto kabla ya kuanza ili vidole vipate joto, mradi avikaushe vizuri.

Kila kucha huhitaji vitonge vitatu. Cha kwanza weka kwenye tipsi na ukisambaze kuelekea ncha. Cha pili, ambacho ni kikubwa kuliko vingine, weka katikati, pale tipsi inapokutana na kucha ya asili. Hapo ndipo uzito wote unapoangukia, na hapo ndipo akriliki inatakiwa iwe na kilima kidogo kinachoonekana ukiitazama kucha kwa upande. Cha tatu, kidogo na chenye maji zaidi kiasi, weka karibu na mzizi, ukiacha nafasi ya takribani milimita 1 kabla ya ngozi, na ukitelezeshe mpaka kiungane na cha pili kikiwa chembamba kabisa upande wa nyuma. Brashi hubonyeza na kusukuma. Haipaki kama rangi ya ukutani. Akriliki ikigusa ngozi, ifute saa hiyohiyo kwa kijiti kabla haijaganda, kwa kuwa ikigandia hapo itainuka pamoja na ngozi inavyosogea.

Baada ya dakika chache gonga kucha kwa mpini wa brashi. Ikitoa mlio mkavu kama wa plastiki mbili zikigongana, iko tayari kusuguliwa. Ikitoa sauti nzito, subiri. Anza na tupa ya namba 100 au 150 kwa ajili ya umbo, tengeneza kingo mbili za pembeni ziwe sambamba, kisha ncha, kisha mgongo, na umalizie na 180 na 240 kuondoa mikwaruzo. Igeuze mikono ya mteja uitazame kama yeye anavyoiona, maana kucha iliyonyooka kwa upande wa fundi inaweza kuwa imepinda kwa upande wa mwenye nayo.

Rangi ikiwa ni ya jeli, paka tabaka nyembamba na uziweke chini ya taa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao kwa taa nyingi za LED ni sekunde 30 hadi 60. Jeli nayo isiguse ngozi. Mafuta ya kulainishia ngozi ya pembeni hupakwa mwisho kabisa, kwa sababu yakitangulia rangi haitashika.

Kuzitunza na kuzitoa

Baada ya wiki 2 au 3 kucha ya asili itakuwa imekua na kuacha pengo karibu na mzizi, na kile kilima kitakuwa kimesogea mbele kuliko panapostahili. Mteja arudi kujaziwa. Sehemu yoyote iliyoinuka isuguliwe mpaka iishe kabla ya kuongeza akriliki mpya, kamwe isizibwe kwa gundi. Katikati ya kipindi hicho avae glavu anapofua au kuosha vyombo, na asitumie kucha kufungulia kopo la soda.

Siku ya kutoa, punguza urefu na usugue tabaka la juu kwa uangalifu. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayozunguka, weka pamba iliyoloa asetoni juu ya kucha, funga kwa karatasi ya alumini na usubiri dakika 15 hadi 20. Akriliki italainika kama ubani uliotafunwa. Sukuma kwa kijiti cha mbao ile inayokubali kutoka, na inayogoma ifunge tena na pamba mpya kwa dakika nyingine 5 au 10. Kuing'oa kwa kuibenua na tipsi nyingine, kama inavyofanyika mahali pengi ili kuokoa muda, huondoka na tabaka za kucha ya asili. Ikishatoka yote, nawa, kausha, paka mafuta, kisha ibonyeze ncha ya kila kucha kwa kidole: ikipinda kama karatasi, au mteja akisema inamwuma, mwambie apumzike mpaka sehemu hiyo ikue na kukatwa, na usimpangie siku ya kuweka nyingine kabla ya hapo.